Kupigana Chini: Mwongozo kwa Anayeanza Mieleka, Judo na Jujitsu

Mtu ambaye hajawahi kulaliwa kifuani na mpinzani anayeijua kazi yake hushangazwa kwanza na uzito. Mwenzake wa kilo 70, ambaye wakiwa wamesimama alionekana mwepesi, akishautandaza mwili wake wote juu ya mbavu huwa kama gunia la mchanga lililolowa maji, na hata kuvuta pumzi huwa kazi ya kugombania. Hapo karibu kila anayeanza hufanya mambo yaleyale matatu: huzuia pumzi, hunyoosha mikono kumsukuma aliye juu, na hufurukuta bila mpangilio mpaka nguvu zikamwishia kabla ya dakika mbili kutimia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na umejengwa juu ya msimamo kwamba anayeanza michezo ya kukabana ajifunze kuwa chini kabla ya kujifunza kuwa juu, na ajifunze kujinasua kabla ya kujifunza kumkaba mwenzake.

Hatua ya kwanza: Fahamu mchezo unaouingia

Michezo ya kukabana ni mingi, na tofauti kubwa kati yake imo katika kanuni za ushindi, kwa sababu wachezaji hufanya bidii pale penye pointi. Katika mieleka, ambayo ilikuwamo katika Olimpiki za kwanza za kisasa mwaka 1896, ushindi kamili ni kuyagandamiza mabega yote mawili ya mpinzani sakafuni. Hakuna kabali wala kupindua viungo, na ndiyo maana mcheza mieleka akianguka hujitahidi kwa kila hali asilale chali. Mtindo wa Kigiriki na Kirumi hukataza hata kushika chini ya kiuno, ilhali mtindo huru huruhusu kuvamia miguu.

Judo iliasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882. Kano aliichukua jujitsu ya kale ya Japani, akaziondoa katika mazoezi ya kushindana mbinu zilizokuwa zikivunja na kujeruhi, na kwa kufanya hivyo akapata jambo ambalo wengi walidhani ni hasara: wanafunzi wake waliweza kupambana kwa nguvu karibu zote, kila siku, na mpinzani asiyekubali kushindwa, kisha kesho yake wakarudi mazoezini wakiwa wazima. Huo ndio msingi wa michezo yote ya kukabana inayofundishwa leo. Mbinu uliyoijaribu mara elfu moja kwa mtu anayekataa huiamini kuliko mbinu ya hatari ambayo hujawahi kuifanya hadi mwisho wake.

Mwanafunzi mmoja wa Kodokan, shule ya Kano, aitwaye Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akamfundisha kijana Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake, hasa Hélio, waliendeleza upande wa kupigana chini mpaka ukawa mchezo wenye sura yake, yaani jujitsu ya Brazili. Dunia iliutambua kwa kishindo mwezi Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, pale Royce Gracie, mwana wa Hélio, aliposhinda mashindano ya kwanza ya UFC, yaliyokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali, kwa kuwakaba watu waliomzidi uzito. Sambo nayo ni ya Urusi. Jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana ya kujihami bila silaha, na ilitambuliwa rasmi na Umoja wa Kisovieti mwaka 1938. Sambo ya michezo huruhusu kupindua miguu lakini hukataza kabali, kinyume cha judo, ambayo huruhusu kabali na kupindua kiwiko tu.

Ukiniuliza uchague upi, nitakujibu uchague ule wenye mwalimu mzuri unayeweza kumfikia mara tatu kwa wiki. Miili ya binadamu ni ileile, na mengi ya hatua zinazofuata yanahusu michezo yote.

Hatua ya pili: Chagua ukumbi na mwalimu

Omba kukaa pembeni utazame kipindi kizima kabla ya kujiandikisha. Usiwatazame sana mabingwa wa ukumbi. Mtazame mtu dhaifu kuliko wote aliyemo, na uone anavyotendewa na wenye nguvu. Mwenye mkanda wa juu anayempa mgeni nafasi ya kujaribu, akalegeza anapoona mkono wa mwenzake umefika ukomo, ni ushahidi wa malezi mema. Mwalimu anayeshika simu wakati wanafunzi wake wanakabana si wa kukabidhiwa shingo yako. Kagua pia mikeka: iwe imeungana bila nafasi ambapo kidole cha mguu kinaweza kunasa, na iwe mbali na kuta na nguzo.

Uliza bila haya mwalimu alipewa mkanda na nani. Katika jujitsu ya Brazili mtu mzima hupitia mkanda mweupe, wa buluu, wa zambarau na wa kahawia kabla ya mweusi, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Mwalimu wa kweli hufurahi kulijibu swali hilo.

Hatua ya tatu: Andaa mwili na mavazi

Kata kucha za mikono na miguu, vua pete, hereni na mikufu, oga kabla na mara baada ya mazoezi, na ufue vazi lako kila baada ya kipindi. Mapunye, choa na majipu husambaa haraka pale watu wanaposuguana ngozi, kwa hiyo mwenye kidonda au ukurutu usioeleweka abaki nyumbani mpaka utabibiwe. Kandambili hutumika nje ya mkeka na hazikanyagi mkeka kamwe. Nunua kinga ya meno. Sikio likivimba na kujaa damu baada ya kusuguliwa, muone daktari mapema, kwa maana likiachwa hukakamaa na kubaki na umbo hilo.

Hatua ya nne: Jifunze kuanguka

Kabla ya kumwangusha mtu ni lazima uweze kuanguka wewe mwenyewe. Anza ukiwa umechuchumaa: kunja kidevu kiguse kifua ili kisogo kisigonge mkeka, jiviringishe kwa mgongo, toa pumzi, na upige mkeka kwa viganja na mikono yote ikiwa imetanuka kidogo tu kutoka mbavuni. Kupiga huko hueneza kishindo mkono mzima, badala ya kukiacha kiishie kwenye nukta moja. Kosa la hatari ni kutanguliza mkono ulionyooka nyuma ili kujizuia. Kifundo cha mkono, kiwiko na mtulinga huumia kwa namna hiyo. Rudia mara 20 mwanzoni mwa kila kipindi, kwanza ukichuchumaa, kisha ukisimama, kwa nyuma na kwa ubavu wa kila upande.

Hatua ya tano: Jifunze kugonga

Kugonga ni ishara ya kukubali kwamba umeshikwa. Unampiga mwenzako kwa kiganja mara mbili au tatu, mahali anapoweza kuhisi, au unaugonga mkeka, au unatamka kwa sauti ikiwa mikono yote imenaswa. Anayegongewa huachia papo hapo, bila kujiuliza kama mwenzake alimaanisha.

Wengi huchelewa kugonga kwa sababu wanalichukulia tendo hilo kuwa aibu, na hapa sina budi kuwa mkali. Kiungo hakina habari na heshima yako. Kiwiko kikishanyooka kikamilifu, nafasi iliyobaki kabla ya kano kuumia ni ndogo mno, na anayekishika mara nyingi hawezi kuipima. Upinduaji wa kisigino ni mbaya zaidi, kwa sababu nguvu yake hupanda mpaka kwenye goti, na kano za goti zinaweza kukatika kabla hujasikia maumivu ya kukuonya. Mtu anayeanza asiufanye wala asikubali kufanyiwa. Kwa kabali, mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo ikibanwa sawasawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Mwenzako akilegea ghafla, achia mara moja, mlaze vizuri na umwite mwalimu. Asirudi kwenye mkeka siku hiyo, na asipozinduka upesi, huduma ya dharura iitwe.

Hatua ya sita: Soma ngazi ya nafasi

Kupigana chini kuna ramani yake, na usipoijua utatumia nguvu nyingi kuelekea mahali pasipofaa. Kila nafasi huulizwa swali hili: nani anaweza kutumia uzito wake, na nani amezuiwa kutumia wake? Kanuni za pointi za jujitsu ya Brazili hulijibu kwa tarakimu. Kumwangusha mpinzani ni pointi 2, kumpindua ukiwa chini ni 2, kumwekea goti tumboni ni 2, kuvuka miguu yake na kumbana ubavuni ni 3, na kumkalia kifuani au kumshika mgongoni ukiwa umemfunga kwa miguu ni 4. Na nafasi sharti ishikiliwe kwa sekunde 3 ili ihesabiwe. Judo hupima kwa njia nyingine: kumgandamiza mpinzani chali kwa sekunde 20 ni ushindi kamili.

Zingatia kwamba mgongo uko juu kabisa ya ngazi. Aliye mgongoni mwako anakuona nawe humuoni, anaifikia shingo yako nawe huifikii yake. Kwa hiyo unapofurukuta kujinasua, usigeuke kifudifudi ukampa mgongo kwa sababu tu umechoka kutazamwa usoni. Hilo ndilo kosa ninaloliona kwa wageni kuliko mengine yote baada ya lile la kunyoosha mikono.

Hatua ya saba: Fundisha nyonga zako miendo miwili

Mwendo wa kwanza ni daraja. Lala chali, vuta visigino karibu na makalio, kisha sukuma mkeka kwa miguu mpaka nyonga zipande juu kabisa, ukielekea begani, si kichwani. Uzito wako ubaki juu ya bega moja, na macho yatazame upande huohuo. Daraja linalokwenda moja kwa moja nyuma huelemea shingo na halimpindui mtu.

Mwendo wa pili huitwa kamba, kwa jina la yule mnyama wa baharini anayerudi nyuma kwa kujikunja. Lala kiubavu, mguu mmoja ukanyage mkeka, usukume, makalio yarudi nyuma huku mikono ikibaki mbele ya kifua kana kwamba inamzuia mtu pale alipo. Mwili hujikunja katikati, na kati yako na mpinzani hupatikana uwazi wa kupenyeza goti. Vuka ukumbi mzima kwa mwendo huu, upande wa kulia kisha wa kushoto, kila siku ya mazoezi. Ni zoezi la kuchosha na halivutii kulitazama, lakini njia nyingi za kutoka chini zimejengwa juu yake.

Hatua ya nane: Toka chini ya mtu aliyekukalia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mpinzani amekukalia kifuani, magoti yake yako pande mbili za mbavu zako. Kwanza, vuta pumzi kwa pua na uitoe taratibu kwa mdomo, mara mbili, hata kama inaonekana ni kupoteza muda. Pili, bana viwiko kwenye mbavu na viganja karibu na kola au kidevu chako, ili asipate mkono wa kuunyoosha wala kwapa la kulipandia. Mikono iliyonyooka kumsukuma kifuani ni zawadi kwake: atauzungukia mmoja, atauangukia, na kiwiko kitakuwa kati ya mapaja yake.

Sasa subiri aweke kiganja kwenye mkeka au kwenye kifua chako. Ukikamate kifundo cha mkono huo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ushike juu ya kiwiko chake, ukiubana mkono mzima kifuani mwako. Kwa mguu wa upande huohuo, zungusha unyayo wako nje ya mguu wake na uuvute karibu nawe, usiweze kutoroka. Amebaki kama meza iliyokatwa miguu miwili ya upande mmoja. Inua daraja kwa nguvu, kwa pembe, juu ya bega la upande ulioufunga, na uendelee kugeuka mpaka uwe juu, ukiwa katikati ya miguu yake. Nyoosha mgongo mara moja na urudishe viwiko ndani.

Njia hiyo hushindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kufunga mkono na kusahau mguu, naye akauweka mguu huo nje na kujiegemeza. Ya pili ni kuinua daraja dogo la kusukuma badala ya kubwa la kuinua. Uzito wake usipotoka magotini, hapinduki. Akijua kujizuia, badili: geuka kiubavu, tumia kiwiko kulisukuma goti lake kuelekea miguuni huku ukifanya mwendo wa kamba, penyeza goti lako ndani, unase mguu wake kati ya miguu yako miwili, kisha urudie upande wa pili mpaka miguu yako yote iwe mbele yake. Daraja na kamba hushirikiana: akiegemea kuzuia moja, anaifungulia nyingine njia. Fanya na mwenzako asiyepinga mara 10, kisha anayepinga kwa robo ya nguvu, kisha nusu. Miezi 2 ya kazi hiyo haitakuwa hasara.

Hatua ya tisa: Tumia miguu yako ukiwa chini

Kulala chali huku miguu yako ikiwa kati yako na mpinzani huitwa gadi, na ndilo jambo ambalo jujitsu ya Brazili imelichimba kuliko michezo mingine. Katika gadi iliyofungwa, miguu yako imemzunguka kiunoni na vifundo vimepishana nyuma ya mgongo wake. Kazi yako ya kwanza hapo ni kuuvunja mkao wake: mvute kwa magoti na kola mpaka kichwa chake kishuke kifuani mwako, maana mtu aliyeinama hana nguvu ya kukubana. Baada ya hapo ndipo uwaze kumpindua. Ukiwa wewe uliye ndani ya gadi, fanya kinyume: kichwa juu, mgongo wima, viganja kiunoni au kwenye nyonga zake, na usiingize mkono mmoja ndani na kuuacha mwingine nje, maana hapo ndipo kabali ya pembetatu, ile ya kubana shingo kwa miguu, huzaliwa.

Anayejifunza kwa nia ya kujihami aongeze somo la kusimama: mkono mmoja mkekani nyuma, mguu wa upande wa pili umekanyaga, mkono wa mbele ukilinda uso, nyonga zinainuliwa na mguu mwingine unavutwa nyuma chini ya mwili. Penye sakafu ngumu, silaha au zaidi ya mshambuliaji mmoja, kubaki chini ni hatari, na ujuzi wa thamani kuliko wote ni kuinuka na kuondoka.

Hatua ya kumi: Chagua mbinu tatu za kumaliza

Mwaka wa kwanza hauhitaji zaidi ya hizo. Napendekeza kabali ya nyuma, kunyoosha kiwiko kutoka nafasi ya kumkalia mpinzani, na upinduaji wa bega uitwao kimura. Jina hilo ni la Masahiko Kimura, mcheza judo wa Japani aliyeutumia kumshinda Hélio Gracie mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Wabrazili wakaipa mbinu hiyo jina la mshindi.

Kabali ya nyuma ifanywe hivi: kunjo la kiwiko chako likae chini ya kidevu chake katikati ya koo, ili msuli wa mkono ubane upande mmoja wa shingo na kigasha upande wa pili. Kiganja kishike msuli wa mkono wako mwingine, na kiganja cha pili kiende nyuma ya kisogo chake. Kaza taratibu kwa kutanua kifua na kurudisha viwiko. Mfupa wa mkono ukilala juu ya koomeo umekosea. Unaumiza njia ya hewa na unaweza kuijeruhi.

Hatua ya kumi na moja: Ingia kwenye pambano la mazoezi

Mwalimu akikuruhusu, anza na mapambano ya nafasi: mmoja amemkalia mwenzake, wa chini akitoka mnasimama na kuanza upya. Dakika 3 za namna hiyo hufundisha zaidi ya dakika 10 za kuvutana hovyo mkiwa mmepiga magoti. Mwambie mwenzako kabla ya kuanza kama una bega linalouma au goti bovu. Cheza kwa nusu ya nguvu zako, na ujipime kwa pumzi: ukishindwa kupumua kwa pua umekaza kupita kiasi. Jiwekee lengo dogo kwa kila pambano, kwa mfano kutompa mtu mgongo, na usihesabu umegonga mara ngapi.

Pambano likiisha, muulize aliyekukaba alikuona wapi. Mara nyingi atakuonyesha kiwiko kilichoachana na ubavu, sekunde kadhaa kabla kabali haijaanza. Liandike hilo usiku huohuo kwenye daftari, kwa sentensi moja tu, na mkikutana tena kipindi kijacho mwombe aanze hapohapo.